Risasi za Nyumbani kwa Hautala

Lorna Hautala hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alikuwa amepika katika jiko la shule miaka mingi, akazoea masufuria kuanguka na watoto kutapikiana mezani. Tena aliolewa na dereva wa lori la kukwangua theluji, mwanamume aliyetoka nyumbani alfajiri, dhoruba kwa dhoruba, kwenda kwenye barabara ambazo hata mbwa alizikataa. Mke wa mtu kama huyo hujifunza kutulia. Ndiyo maana siku ile alipojikuta ameketi kwenye kigoda cha mumewe, katika chumba cha chini ya nyumba yake mwenyewe, hawezi kuinuka, alidhani kwanza kwamba moyo wake umepata kasoro.

Mambo yenyewe yalianzia kwenye mashine.

Wendell, mumewe, alikuwa mwindaji kama karibu kila mwanamume wa upande ule wa Michigan, kule juu kwenye Ziwa Superior, ambako siku ya kwanza ya msimu wa kulungu shule hufungwa na hakuna anayeuliza kwa nini. Nyama ya kulungu wawili iliwavusha wao majira yote ya baridi. Mwaka aliokaribia kustaafu, Wendell alikuja mezani na karatasi na kalamu, akamwomba Lorna aache vyombo amsikilize. Alitaka kununua mashine ya kujazia risasi nyumbani.

Alieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyefanya mazoezi ndani ya lori. Ganda la risasi likishapigwa si takataka. Unaliingiza kwenye mashine, unavuta mkono, linarudi kwenye umbo lake. Unalitia fataki mpya kitakoni, kile kidude kidogo kinachowasha baruti, unapima baruti yenyewe, unashindilia kichwa, basi, una risasi mpya kwa nusu ya bei ya dukani, na inalenga vizuri kuliko ya dukani kwa sababu umeitengenezea bunduki yako wewe.

Lorna aliuliza ni shilingi ngapi kwa jumla, au tuseme dola ngapi, maana ndizo walizokuwa nazo. Wendell akazungukazunguka. Akaanza na bei ya mizani. Akapita kwenye kalibu za kunyooshea maganda, akasimama kidogo kwenye baruti. Hatimaye jumla ikatoka. Ilikuwa bei ya friza jipya, na wao walikuwa wakidunduliza kwa ajili ya friza jipya, kwa sababu lile la zamani lilivuja na kunguruma kama trekta.

"Wendell, kwa pesa hizo si tungenunua risasi za dukani mpaka tuzikwe?"

"Ndiyo maana nimeleta karatasi," Wendell alisema. "Tazama. Ikifika mwaka wa nne, imejilipa yenyewe. Kuanzia hapo ni faida tupu. Halafu siku maduka yakiwa matupu, sisi hatumwombi mtu."

Lorna alicheka. Duka la Marekani likose risasi? Lakini alikubali. Hakushindwa na hesabu. Alishindwa na uso wa Wendell, maana mtu huyu katika ndoa yao yote alikuwa ameomba vitu vichache mno. Friza likaambiwa lisubiri.

Waliomcheka Wendell walikuwepo, na wa kwanza alikuwa Bernice, dada yake Lorna, aliyesema kwamba siku moja mashine ile ingelipuka na Lorna angeruka na paa lake. Lorna akaanza kumtetea mumewe. Alimtetea kwa Bernice, akamtetea kanisani baada ya ibada, juu ya kahawa na mkate wa iliki, akisema risasi moja ya dukani ni kiasi gani, ya nyumbani ni kiasi gani, na tofauti yake ukiizidisha kwa miaka inakuwa nini. Alizikariri hesabu za karatasi ile mpaka zikawa zake. Mwaka wa nne ulipofika alimwambia Bernice kwa simu kwamba mashine imeshajilipa, na alisema kwa furaha kana kwamba yeye ndiye aliyeibuni.

Na kweli alikuwa ameipenda. Jioni za Januari, theluji imefika kwenye madirisha, yeye akifuma soksi karibu na jiko la kuni, alimsikia Wendell kule chini: mkono wa mashine unashuka, *kriii*, unapanda, *tak*. Sauti ile ilimwambia kwamba mume yupo, ana kazi, na nyama ya mwaka ujao iko njiani. Chumbani mle yeye hakuingia. Walikubaliana tangu mwanzo kwamba mezani pale asiguse mtu mwingine, kwa usalama, na Lorna hakuwa mpekuzi. Kila Oktoba Wendell alipanda ngazi na risasi zake ndani ya masanduku ya plastiki ya kijani, zinang'aa kama pete.

Basi ukaja mwaka ule wa ugonjwa, watu wakafungiwa majumbani. Woga uliwafanya wanunue kila kitu: unga, karatasi za chooni, na risasi. Yalipofika majira ya majani kupukutika, rafu za risasi zilikuwa tupu kutoka Marquette hadi mpakani mwa Wisconsin. Lorna alijiona kama mke wa nabii. Alimpigia Bernice kumkumbusha nani alisema nini.

Ila nabii mwenyewe hakuwa na raha. Wendell alianza kula nusu sahani. Aliendesha gari hadi miji ya mbali akirudi mikono mitupu, akisema alikuwa anatafuta fataki, kwamba zimeadimika, kwamba mwaka huu pengine hatakwenda msituni, mgongo unamsumbua. Lorna alimwambia aende kwa daktari. Wendell alisema daktari wa mgongo atamwambia nini.

Jumamosi moja Wendell alikwenda kupasua kuni za kanisa. Clayton Niemi akabisha hodi. Clayton alikuwa jirani wa ng'ambo ya barabara, baba wa watoto watatu, na kiwanda cha mbao kilikuwa kimemwachisha kazi tangu Aprili. Alisimama mlangoni na kopo la kahawa lililojaa maganda ya risasi, kofia mkononi.

Lorna alimketisha, akamkatia mkate. Clayton alisema alishamwomba Mzee Wendell, na Mzee akamjibu hana fataki. Alikuja tu kuuliza kama zimepatikana. Bunduki yake na ya Mzee zilikula risasi ya aina moja.

"Sitaki bure, Bi Lorna. Nitamkatia kuni, nitamlipa baadaye, atakavyo. Nina risasi mbili tu ndani ya nyumba, na moja ina kutu. Nisipopata kulungu mwaka huu, sijui."

Hakumaliza alichokuwa hajui. Lorna alimtazama akipaka siagi, akaona jinsi alivyoipaka nyembamba, akaona aibu kwa niaba ya mumewe. Kwa sababu fataki zilikuwepo. Yeye mwenyewe, siku bomba la maji lilipopasuka miaka ya nyuma, aliingia mle haraka kufunga koki akaliona kabati limejaa vijisanduku. Wendell amekuwa mchoyo, alijiambia. Uzee umemfanya bahili, na kwa jirani mwenye watoto.

"Kunywa kahawa yako," alimwambia Clayton. "Nakwenda kutazama chini."

Chumba kilikuwa safi kuliko jikoni kwake. Mashine ilifungwa kwenye ukingo wa meza, nyekundu, mkono wake umeng'aa pale unaposhikwa. Lorna alifungua kabati. Fataki zilikuwepo, vijisanduku vimepangwa kama matofali. Alichukua kimoja. Utepe wa kiwandani ulikuwa haujakatwa. Akachukua cha pili, cha tatu. Vyote hivyo hivyo, ila kimoja cha pembeni kilichofunguliwa na kupungua kidogo. Baruti ilikuwa kwenye makopo, na kila kopo bado lilikuwa na muhuri wake mdomoni, kasoro moja. Juu ya kopo kulikuwa na kibandiko cha bei cha duka la Salmi.

Duka la Salmi lilifungwa mwaka ule ule ambao mashine ilinunuliwa. Mzee Salmi alikufa, wanawe wakauza jengo, sasa humo huuzwa pizza.

Lorna alisoma kibandiko kile mara nyingi, kana kwamba herufi zingejipanga upya. Kisha akaanza kutazama vizuri. Ndooni palikuwa na maganda matupu, yamesuguliwa mpaka unaweza kujiona. Chini ya meza, nyuma ya ndoo, palikuwa na gunia la chakula cha kuku, na wao hawakuwa wamefuga kuku tangu mtoto wao wa mwisho aondoke. Alilivuta. Ndani mlikuwa na maboksi ya risasi za dukani, yamekunjuliwa na kulainishwa, makumi kwa makumi, boksi la mwaka jana juu ya la mwaka juzi.

Hapo ndipo alipoketi kwenye kigoda.

Akiwa pale, bila kujua kwa nini, alinyoosha mkono akauvuta ule mkono wa mashine. Ukashuka, *kriii*. Ukapanda, *tak*. Ilikuwa sauti ile ile, kamili, haikupungua kitu, na ndani ya mashine hamkuwa na kitu chochote.

Jioni zote zile. Soksi zote zile. Mwanamume mzima alikaa peke yake humu chini akivuta chuma kitupu ili mkewe asikie juu.

"Bi Lorna, uko salama?" Clayton aliita kutoka ngazini.

Alipanda. Alijishika kwenye ukuta, na alipofika jikoni aliona Clayton amekwisha kuosha kikombe chake na kukigeuza kikauke. Lorna alifungua kinywa kumwambia ukweli. Kilichotoka ni kingine.

"Hamna, Clayton. Mzee alikuambia kweli. Kabati tupu."

Clayton alishukuru, akachukua kopo lake. Lorna alimtazama akivuka barabara, na jambo hili lilimshtua kuliko gunia. Hakujua kwamba yeye ni mtu anayeweza kudanganya haraka hivyo, kwa sauti tulivu hivyo, mtu mwenye njaa akiwa mbele yake.

Wendell aliporudi, vumbi la mbao kwenye nyusi, alikuta maboksi yamepangwa juu ya meza ya chakula, safu kwa safu. Alisimama mlangoni na buti zake. Hakuuliza ni nini.

"Keti," Lorna alisema.

Aliketi. Kisha Wendell akaanza, akiisemesha meza. Ilikuwa wiki ile ya kwanza kabisa. Alishajaza risasi chache, kazi inakwenda vizuri. Halafu akawa na haraka. Fataki moja ilikaa vibaya, akalazimisha mkono wa mashine. Ikalipuka, na ile iliyofuata kwenye mrija wa mashine ikalipuka, na nyingine. Ulikuwa mwali mweupe mbele ya uso wake, na mlio ambao alidhani umemtoa kichwa.

Lorna aliikumbuka siku ile. Alikuwa nje anaanua nguo, akasikia kishindo, akakimbia ndani. Wendell alimwambia rafu ya vyombo imeanguka. Nyusi zake zilikuwa zimeungua, na alipoulizwa kesho yake alisema ni moto wa jiko la sauna, bafu lao la mvuke, uliomrukia.

"Nikasema nitapumzika siku mbili nirudi," Wendell alisema. "Nikarudi. Mkono ukakataa. Nikiigusa fataki, mkono unatetemeka mpaka siwezi kushika kikombe. Nikajaribu tena baada ya mwezi. Nikajaribu tena mwaka uliofuata."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nilikaa hapa hapa nikakupigia hesabu. Nilikula friza lako, Lorna. Halafu wewe ukaanza kunisifu kwa watu. Kila ukinisifu, mlango unazidi kujifunga."

"Na hizi zote umenunua na nini?"

Wendell alijikuna shingo. "Pesa ya tumbaku. Nilipoacha kuvuta."

Lorna alihisi kama amepigwa kofi. Kuacha tumbaku kwa Wendell kulikuwa fahari yake nyingine. Aliamini ameacha kwa ajili yake, kwa afya, ili wazeeke pamoja. Aliisimulia hiyo pia kanisani.

Alisimama akaenda dirishani ili asiseme atakalojutia. Wendell alidhani kimya kile ni mlango, akajaribu kupita. Alisema kuna mtu kule Escanaba anatangaza redioni, ananunua fataki na baruti kwa bei mara tatu au nne ya zamani. Vitu vyao vilikuwa vimefungwa, vikavu, kama vimetoka kiwandani jana. Wakiviuza, pesa yote ya mwanzo itarudi na chenji juu.

"Itakuwa imejilipa," alisema, karibu kwa furaha. "Kweli kabisa safari hii."

Lorna aligeuka akamtazama, na alichokiona ni kwamba hatanii.

"Asubuhi hii Clayton Niemi alikaa kwenye kiti hicho ulichokalia," alisema. "Alipaka siagi ungedhani anapaka dawa. Nimemdanganya kwa ajili yako, Wendell. Nimemtazama machoni nikamdanganya. Na wewe unaniambia Escanaba."

Wendell aliinamisha kichwa. Hakutaja Escanaba tena.

Jumapili baada ya ibada Lorna aliteremka chini na kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine. Alikisoma chote, akiwa amevaa miwani ya kusomea na juu yake miwani ya Wendell ya kukinga macho. Kilikuwa kama kitabu cha mapishi, aliona, ila hiki kiliandikwa na watu waliokuwa na woga, na hilo alilipenda. Usifanye haraka. Usizungumze ukiwa unapima. Kopo moja tu la baruti mezani kwa wakati mmoja. Kulikuwa na kifaa kidogo cha mkononi cha kutilia fataki moja moja, ambacho Wendell alikinunua na hakuwahi kukitoa kwenye karatasi. Lorna alikitoa. Kidole gumba chake, kilichomenya viazi vya shule nzima, kilisukuma fataki ya kwanza kitakoni mwa ganda, ikaingia bila mlio wowote zaidi ya ule wa kuingia.

Wendell alisimama mlangoni, uso mweupe. Baadaye akasogea hatua moja. Baadaye akasema mizani ile lazima iwekwe sawa kabla ya kutumika, yeye anajua. Akaja akaiweka sawa. Mizani haikumtetemesha. Alipima baruti na kumwaga, Lorna akashindilia vichwa, na hawakuzungumza isipokuwa lile lililohitajika. Maganda hayakuhitaji kazi. Yalikwisha kunyooshwa na kusuguliwa kuliko maganda yoyote ya Michigan nzima. Lorna alikuwa amekasirika muda wote. Alijaza risasi huku amekasirika, lakini kwa makini.

Walikwenda kuzijaribu kwenye shimo la zamani la kokoto. Lorna alitaka apige yeye, kwa kuwa yeye ndiye aliyetia fataki. Wendell alikataa katakata, akamwambia asimame nyuma ya gari. Alilala juu ya zulia la gari, akaweka bunduki begani, akakaa hivyo mpaka kunguru waliokuwa wameruka wakarudi. Kisha akapiga. Risasi ilikwenda ilikotumwa. Akapiga nyingine, na nyingine. Zote zilikaa kwenye bamba la karatasi, zimekaribiana.

Kisha akainuka. Aliketi nyuma ya gari, mikono imebana magoti, akalia kidogo bila sauti. Lorna hakumgusa. Hakuwa tayari bado. Lakini alichukua funguo, akasema ataendesha yeye.

Njiani alizungumza. Alikuwa na mengi: kwamba hasira yake si ya pesa, kwamba miaka yote ile amelala na mtu asiyemjua, kwamba sasa kila kitu atakachoambiwa itabidi akigeuze kwanza atazame chini yake. Alisema kwa kirefu, macho barabarani. Wendell hakujibu hata neno. Lorna alikasirika upya, akasimamisha gari pembeni mwa barabara.

"Hata sasa hunijibu?"

Wendell aligeuka kiti kizima kumwelekea. "Umesema nini?"

"Nimesema tangu shimoni."

Wendell akagusa sikio lake la kushoto, la upande wa Lorna.

"Hili lilikufa siku ile," alisema. "Tangu mlipuko. Halisikii kitu."

Lorna aliweka mikono yote miwili juu ya usukani. Upande wa kushoto. Kanisani alikaa kushoto kwake. Kitandani alilala kushoto kwake. Mambo yote aliyowahi kumnong'oneza gizani, na yeye akanyamaza, na Lorna akageukia ukuta akidhani amepuuzwa. Ndoa yao ilikuwa imepoa kidogo kidogo miaka ile, na alikuwa ameuzoea ubaridi ule kama watu wanavyozoea uzee.

Alishuka kwenye gari. Alizunguka mbele, akafungua mlango wa upande wa kulia, akainama kwenye sikio zima.

"Wewe ni mpumbavu, Wendell Hautala," alimwambia. "Umesikia?"

"Nimesikia," Wendell alisema.

Risasi zilizobaki Lorna alizipeleka kwa Clayton yeye mwenyewe, akamwambia pia kwamba siku ile kabati halikuwa tupu, kwamba alimdanganya kwa sababu alikuta jambo la aibu nyumbani kwake na hakujua la kufanya. Clayton hakuuliza ni jambo gani. Alisema kila nyumba ina chumba cha chini. Siku ya pili ya msimu alipata kulungu dume, na mkewe akaleta mguu mmoja wa nyuma umefungwa kwenye shuka.

Sasa Lorna anajaza risasi za nyumba tatu au nne za barabara ile, na Wendell anapima baruti. Fataki hazigusi, zikitolewa kabatini anasogea upande wa mlango. Namna wanavyolala imebadilika, Lorna yuko kulia kwake sasa. Yapo mazungumzo mengi mapya, mengine ni ugomvi. Ila mara moja moja, Wendell akiwa ameinama juu ya mizani anasubiri mshale utulie, Lorna huacha kazi akamtazama, jinsi unavyomtazama mpangaji aliyehamia jana, ukijiuliza huyu ni nani, na anakula nini, na kesho ataamkaje.